Fundi wa Tatami na Mwanamke Aitwaye Sumire

Mimi simwamini mwanamume anayebadilisha saa yake ya kula. Marehemu mume wangu alikula saa sita mchana miaka thelathini. Siku aliyosogeza mpaka saa saba nikajua kuna jambo, na kweli, alikuwa ameachishwa kazi na ananificha. Kwa hiyo Fundi Masakatsu, jirani yangu, alipoanza kuacha bakuli la tambi likipoa mezani na kutoka kila ikigonga saa sita, wa kwanza kumwona nilikuwa mimi. Nauza achari za figili, duka langu limeelekea njiani, na macho hayana pazia.

Masakatsu ni fundi wa tatami, ile mikeka minene ya kutandika chumba kizima. Kazi aliirithi kwa baba yake. Kiwiko chake cha kulia kina sugu ngumu kuliko kisigino changu, kwa kukandamizia uzi anaposhona. Maneno hana. Ukimuuliza hali, atakujibu "nzuri," na hiyo itakutosha mwezi mzima. Ana tabia moja tu ya ajabu: kabla ya kuulaza mkeka, huandika kwa brashi upande wa chini jina la mwenye nyumba na mwezi aliotandika. Nilimuuliza siku moja, "Sasa Fundi, huko chini nani atasoma?"

"Atakayekuja kuugeuza," akasema, akaendelea kushona.

Mkewe ni Yasue. Walijaliwa mtoto mmoja, Takuma. Lori liliteleza kwenye barafu pale darajani, mtoto akiwa juu ya baiskeli anarudi shule. Alikuwa na miaka kumi na minne. Siku arobaini na tisa za matanga yake zilipopita, Yasue akajaza kila kitu cha yule mtoto kwenye mifuko ya taka: vya kuungua akavitolea gari la taka la Jumanne, visivyoungua la Ijumaa. Kisha akatangaza kwamba jina hilo lisitajwe tena nyumbani mwake wala mbele yake. Sisi tuliozoea kumwita Mama Takuma tukameza ulimi. Akawa Yasue tu.

Basi Desemba ile, baridi ya pili tangu msiba, Yasue akaingia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma, ameshika karatasi kubwa yenye mistari ya kijani. Niliijua kabla hajaikunjua. Karatasi ya talaka.

"Shoga, lete mhuri wako wa jina," akasema. "Mashahidi wanatakiwa wawili. Dada yangu ameshapiga. Bado wewe."

"We Yasue! Kulikoni?"

"Ana mwanamke."

"Masakatsu? Masakatsu yupi, huyu asiyejua hata kumsalimia paka?"

"Hao ndio wabaya! Kila siku saa sita anatoka na simu. Miaka yote simu ilikaa kwenye droo, ya kuitia wateja. Sasa inalala kifuani mwake. Juzi nimepekua koti, nimekuta waya, sijui wa nini, na kikaratasi kaandika jina. Sumire. Sumire, Sumire, Sumire, mara saba, na tarehe!"

Moyo wangu ukaruka, na nakiri haukuruka kwa huruma peke yake. Nilikuwa nimeshayaona yale matembezi. Na mwanamume akiandika jina la mwanamke mara saba, hapo hakuna wa kunidanganya.

"Mhuri sikupi leo, na karatasi iache hapa," nikamwambia. "Kesho tunamfuata. Nikimwona huyo Sumire kwa macho yangu, napiga mhuri hapohapo, na kofi juu."

"Ukimwona, kofi niachie mimi."

Kesho yake saa sita, huyo akapita. Shati limenyooshwa. Shati limenyooshwa, jamani, kwenda wapi? Tukamwacha atangulie, tukaenda nyuma yake kama wanawake wanaokwenda sokoni. Akapita kinyozi. Akavuka mfereji. Nikasubiri akate kulia kuelekea stesheni, kwenye nyumba za kulala wageni. Hakukata. Akaenda moja kwa moja hadi hekaluni, akaanza kupanda ngazi za mawe.

Yasue akasimama kama aliyepigwa msumari. Juu ya zile ngazi hakuna kitu ila makaburi. Tangu siku ya kuzika majivu ya mwanawe hakuwa amezipanda, hata zile sikukuu za kuzuru wafu alijifanya mgonjwa.

"Tukamsubirie huku chini," nikasema.

Lakini uso wake ulikuwa umeshabadilika. "Amempeleka malaya wake kwa mwanangu," akasema taratibu. Kisha akapaza sauti: "Kwa mwanangu!" Akazipanda zile ngazi mbilimbili, mimi nyuma namwita, pumzi sina.

Tulimkuta peke yake. Alikuwa amekalia ndoo ya hekalu, ile ya kumwagia maji makaburi, ameipindua. Simu ameiweka juu ya jiwe la kaburi la Takuma, na kwenye simu umetoka waya hadi kwenye kimashine cha gemu alichokishika mkononi, cha zambarau, kona imemeguka. Nilikijua. Yule mtoto alikuwa hakiachi hata akija kununua achari.

"Yuko wapi?" Yasue akauliza.

Masakatsu akainuka, ndoo ikaanguka. "Nani?"

"Sumire!"

"Simjui."

"Humjui! Umeandika jina lake mara saba, na humjui?"

"Ni mtu tu. Amewapokea saba." Akatazama kimashine, akanitazama mimi, hakupata msaada. Ndipo Masakatsu akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mwaka.

"Nilikitoa kwenye mfuko ile Ijumaa, kabla gari la taka halijaja. Ndani yake mna wanyama wake, wale aliowafuga kwenye gemu. Muuza duka akaniambia hii kaseti ina betri ndani. Ikifa, wote wanapotea. Akaniuzia waya huu. Ukiunga na simu, mnyama anapita kwa simu hadi kituo chao kule mjini, na mtu wa mbali mwenye gemu kama hii anamchukua. Jina la aliyemfuga kwanza halifutiki. Popote aendako, mtu akimgeuza kumtazama, imeandikwa Takuma. Huko bondeni simu haishiki. Inashika hapa juu, na vizuri zaidi hapo kwenye jiwe lake." Akapangusa kioo cha kimashine kwa kidole. "Walikuwa arobaini na watatu. Mkeka ukifungiwa stoo unaota ukungu, Yasue. Unaokaliwa ndio unaodumu."

Nikadhani yamekwisha. Thubutu!

"Umegawa vitu vya mwanangu," Yasue akasema. "Mmoja mmoja. Kwa watu baki. Bila kuniuliza mimi!"

"Wewe ulivitupa."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.  Mkono wa Yasue ukawa umeinuka. Nikajua kofi lililoahidiwa sasa limepata mwenyewe. Lakini ule mkono ukashuka mpaka kwenye jiwe, ukalishika.

"Wamebaki wangapi?" akauliza.

"Mmoja. Kituo chenyewe kinafungwa tarehe kumi na nne, hawatapokea tena. Nimempandisha hapa siku tano mfululizo, na kila siku nashuka naye." Akamgeuzia kimashine. "Huyu sikuweza. Sikuwa na ruhusa."

Nami nikachungulia, nani angejizuia? Mnyama mdogo wa duara, mashavu yamevimba, ngumi mbili mbele. Juu yake pameandikwa jina alilopewa na Takuma: MAMA.

"Alinieleza," Masakatsu akasema. "Eti huyu anapiga kwanza, kuuliza baadaye."

Yasue akacheka. Kikatoka kicheko kibaya, cha mtu aliyepaliwa, kikageuka kilio, akalia pale kwa sauti, kilio cha miaka miwili. Mumewe hakujua aiweke wapi mikono yake. Hatimaye akambonyezea ile menyu, akamwonyesha kitufe. "Ukibonyeza hapa, anakwenda walikokwenda wenzake. Usipobonyeza, betri ikifa, na yeye basi."

Yasue akakitazama kile kitufe. Kisha akashika waya, akauchomoa kwenye simu.

"Huyu haendi popote. Mama anabaki nyumbani."

"Na betri ikifa?"

"Ikifa, tutakuwa tumekaa naye mpaka hapo. Twende, tambi zako zimeganda."

Siku ya pili akaja dukani kuchukua karatasi yake. Nikamwambia ichane, nione.

"Nichane? Wee! Nimemwambia ainue mkeka wa sebuleni, naiweka chini yake, anaona. Tutaikalia. Lakini akinificha tena jambo, naugeuza." Akanisogelea. "Na huyo Sumire, shoga, wewe unamwelewa? Saba peke yake? Kwa nini saba?"

"Hata mimi nimejiuliza."

"Kuna kitu pale."

Akatoka nje kwenye baridi. Nikaona ameacha furushi lake la figili juu ya kaunta, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukanitangulia: "Mama Takuma! Umesahau figili zako!"

Nikajiziba mdomo. Yeye alikuwa ameshafika kwenye kizingiti cha kwake, mgongo kwangu, hakugeuka mara moja.

"Abee," akaitika, akarudi kuzichukua.