Nilivyompoteza Mkwe Mlimani

Jamani, haya nayasema uso ukiwa chini. Mke wangu ndiye aliyenishauri niyatoe mwenyewe kabla watu wa Soni hawajamaliza kuyatia chumvi, maana wapo wanaosema nilifanya makusudi, na yupo mmoja (anauza karoti, namjua) anayeapa kwamba nilimpitia juu na tairi. Si kweli. Sikumpitia juu, nilimpoteza tu.

Ndiyo, nilimpoteza mama mkwe. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mzazi wa mke wangu, nimempakia mwenyewe kwenye pikipiki yangu mwenyewe, mchana kweupe, nikafika nyumbani sinaye.

Mimi ni fundi nguo. Kibanda changu kiko Soni, nyumbani kwangu ni juu mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na miaka yote nilipanda na kushuka bila kulalamika mpaka mke wangu aliposhika mimba. Tulikuwa na miaka tisa kwenye ndoa. Miaka tisa bila mtoto, na mnajua watu wanavyosema, kwa hiyo ile mimba ilipoingia mwezi wa tisa nilinunua pikipiki wiki hiyohiyo, nikijiambia siku ya uchungu ikifika sitaanza kutafuta usafiri. Kuiendesha nilikuwa sijui. Ila nilijiona nina kipaji, mtu ambaye amekanyaga pedali ya cherehani miaka kumi na mitano atashindwaje na klachi?

Aliyenifundisha ni jirani yangu Singano, bodaboda wa siku nyingi, mtu mwembamba asiyecheka ovyo. Siku tisa kwenye kiwanja cha shule, asubuhi kabla ya kazi. Klachi iachie polepole, Fundi. Polepole! Vioo viweke uone nyuma. Mlimani ingia gia ndogo mapema, usisubiri ikohoe. Kofia ni moja, basi avae abiria. Na abiria mwambie ashike. Halafu la mwisho, alilolirudia mpaka nikachoka kulisikia: usipakie mtu yeyote kabla mwezi haujaisha.

Basi mke wangu akajifungua salama, mtoto wa kike (na siku hiyo, msinicheke, nilikwenda hospitali na gari la watu, pikipiki ilinigomea kuwaka). Siku ya nne tukapata habari kwamba mama yake anatoka kwao Mponde, anakuja kumlea mzazi siku arobaini kama desturi ilivyo, kumkanda, kumpikia uji, kumwogesha mtoto. Mke wangu kitandani akasema, "Fundi, mwambie Singano akampokee Mama pale Soni."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema "sawa" leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Badala yake nikasimama katikati ya chumba na kuuliza, "Mkwe wangu aje kupakiwa na mwanaume mwingine, na mimi chombo kipo nje kinang'aa?"

Singano aliposikia alikuja mbio. "Umeshapakia mtu wewe?"

"Nimepakia gunia la viazi juzi, likafika."

"Gunia unalifunga kamba. Mkwe utamfunga?"

Nikamwambia aache wivu. Nikapiga kiki, nikateremka.

Mkwe alishuka kwenye basi na kapu lake. Sasa kwa wale wasiojua ukwe wa kwetu ulivyo: ndani ya miaka tisa mimi na yule mama hatujawahi kushikana mikono. Nikiingia mlango huu, yeye anatokea ule. Hatuli chungu kimoja, jina lake silitaji, wala hatutazamani usoni. Kwa hiyo nilimwamkia nikiwa natazama viatu vyake. "Shikamoo Mama." Naye akaitika akiwa anatazama mafungu ya nyanya, "Marahaba baba, hamjambo huko?"

Nikampa kofia. Akaivaa juu ya kilemba, mkanda ukabaki unaning'inia, maana nani anakwenda kumgusa mkwe kidevu? Muuza nyanya mmoja akaona tunavyohangaika, akaja akamfunga, na kapu akaliweka katikati ya siti na kulikaza kwa mpira wa baiskeli. Mkwe akakaa upande upande nyuma ya lile kapu, mwisho kabisa, karibu na taa ya nyuma. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu mama ana adabu kweli, ameweka ukuta kati yetu.

Nilipokaa nikainua macho, na loo! uso wake wote umejaa kwenye kioo cha kushoto, macho kwa macho! Tulishtuka wote wawili kama tumefumaniwa. Nikakigeuza haraka kikatazama mawingu. Cha kulia nacho nikakigeuza kitazame mashamba. Likabaki lile la kumwambia ashike. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Hebu ninyi niambieni, unamwambiaje mkwe "Mama, nishike kiuno," sokoni, watu wamesimama? Nikaziambia zile nyanya, "Mama, tunaondoka." Akasema, "Haya, baba."

Sehemu ya tambarare tulikwenda vizuri, mpaka nikaanza kuimba kimoyomoyo. Kisha tukavuka daraja dogo, ukaanza ule mlima wenye kona kali, njia ya vumbi na mawe. Niliuvamia na gia ya pili. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, pikipiki ikaanza kutaka kurudi nyuma, upande mmoja ni ukingo wa udongo na upande wa pili bonde. Nikabana klachi, nikakanyaga gia ya kwanza, nikatia mafuta yote, na mkono ukaiachia klachi kwa mpigo mmoja, puu! Tairi la mbele likanyanyuka, likatua, tukaruka jiwe, halafu chombo kikapanda mlima kwa wepesi ambao sijawahi kuuona. Wepesi wa ajabu. Nikajisifu. Nikasema kumbe ndiyo siri yake, unatia mafuta tu!

Nyuma nikasikia watu wanapiga kelele. Nikajua wananishangilia. Nikapiga honi, nikainua mkono, nikawasalimu kwa kilugha, "Onga mshi!" nikapita kona.

Na kwa kuwa kapu lilikuwa bado linanigusa mgongoni, sikuwa na shaka yoyote. Tena nikapata ujasiri. Simwoni, hanioni, injini inanguruma, nikaona hii ndiyo nafasi pekee Mungu aliyonipa ya kuongea na yule mama. Nikamwambia (kwa sauti, nikipita mbele za watu wanaolima) kwamba namshukuru kwa kunipa binti yake. Nikamwambia ndugu zangu walinishauri nioe mwingine, nikakataa, na sitajuta. Nikamwambia mtoto tumpe jina lake. Akanyamaza. Nikasema ameguswa, mwache alie kidogo. Watu njiani walisimama na majembe wakinitazama, na mimi nikawa nawapungia.

Nyumbani akina mama wa kwaya walikuwa wamejipanga uani kumpokea mgeni. Waliponiona tu kwenye kona wakapiga vigelegele. Nikaingia kwa mbwembwe, nikafunga breki, na vigelegele vikakatika. Havikupungua, vilikatika, kimya. Mama mmoja alibaki na mkono mdomoni.

Dada yangu akauliza, "Kaka, mgeni yuko wapi?"

"Si huyu hapa," nikasema, nikaonyesha nyuma kwa kidole gumba, bila kugeuka, kwa adabu.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipogeuka. Kulikuwa na kapu. Nyuma ya kapu kulikuwa na siti, na baada ya siti kulikuwa na vumbi la njia niliyotoka.

Sijui niwaelezeje. Masikio yaliziba. Niliona midomo ya watu inacheza lakini sikusikia neno. Nilishuka pikipiki bila kuweka stendi, ikaanguka na kapu lake, ndizi zikamwagika uani, na mimi nikainama na kutazama chini ya pikipiki. Nawaapia, nilitafuta mtu mzima wa kilo themanini chini ya pikipiki. Nilipoinua uso mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi, mzazi wa siku nne, ameshika ubao wa mlango.

"Mama yangu umemwacha wapi?"

"Sijui," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo. "Alikuwapo."

Singano, aliyekuwa pale uani, alikwisha kuwasha pikipiki yake. "Panda. Shika." Nilimshika kiuno kwa mikono miwili kama mtoto, tukateremka. Njia nzima aliniuliza swali moja tu, "Ulimwambia ashike?" Nikamjibu, "Ashike wapi? Ni mkwe!"

Pale kwenye kona kali, kwanza tuliona ndala moja katikati ya njia. Mbele yake, ndani ya mtaro, ilikuwa kofia. Imepasuka ubavuni, ufa mrefu, mkanda umefunguka, na kichwa hakimo. Nilikaa chini kwenye vumbi na ile kofia mapajani, nikalia. Sikuwa nalia kwa aibu wakati ule, aibu ilikuja baadaye. Nililia kwa sababu miaka tisa tulimwomba Mungu mtoto, na nimemletea mke wangu msiba juu ya kitanda cha uzazi, kisa mimi nilitaka kuonekana.

"Mwite!" Singano akanikemea. "Mwite, bonde lote hili utalitafutaje?"

Nimwiteje na jina silitaji? Nikasimama ukingoni nikapaza sauti, "Mamaaa!" Na kutoka kwenye mashamba ya kabichi, maharage na migomba, wanawake wanne au watano wakaitikia kwa pamoja, "Abeee!" Nikaita tena, wakaitika tena, na mmoja akauliza, "Mama yupi?"

"Aliyeanguka!"

"Ooh, huyo yuko kwangu, anakunywa chai!"

Nyumba yenyewe ilikuwa chini ya barabara, hatua thelathini. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge kimechanika, matope mpaka kwenye kilemba, mkono wa kulia umefungwa kwa khanga, wa kushoto umeshika kikombe. Yule mwenye nyumba alisema mkwe aliteleza kwa nyuma akatua kwenye mtaro na kichwa kikapiga jiwe, paa! mlio yeye akausikia hadi jikoni kwake. Kofia ndiyo iliyopasuka. Nilipiga magoti mlangoni, mbali.

Watu walikuwa wameanza kujaa, wengine wamenifuata kutoka huko juu, wakaanza kumuuliza ilikuwaje. Yule mama akaweka kikombe chini, akatazama migomba, akasema, "Nilishuka mwenyewe. Nilitaka kunyoosha miguu."

Umati mzima ukageuka ukanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Hospitali walimfunga plasta, mfupa wa mkono ulikuwa na ufa. Kwa hiyo aliyekuja kumwogesha mtoto hakuweza kuogesha hata bilauri. Nani aliogesha? Mimi, fundi nguo wa Soni, kila asubuhi, beseni mbele yangu, na sauti ya mkwe ikitoka upande wa pili wa pazia: shika shingo, baba. Maji yamepoa hayo. Usimsugue, si suruali hiyo. Akina mama walikuwa wanakuja eti kusalimia, kumbe wanakuja kunitazama. Mke wangu alininunia siku sita. Siku ya saba alinikuta nikipambana na nepi, akacheka mpaka akashika tumbo, nikajua nimesamehewa nusu.

Siku arobaini zilipotimia mkwe alikataa pikipiki, hata ya Singano. Akasema atashuka kwa miguu. Nikambebea kapu, nikamfuata nyuma hatua kumi kama inavyotakiwa. Tulipokaribia ile kona alisimama, hakugeuka.

"Baba," akasema, "siku ile nilikuita."

Nikasimama na mimi.

"Nilianza kuteleza tangu kule darajani. Nilikuita mara tatu, polepole. Niliona aibu kumpigia mkwe kelele barabarani."

Kisha akaendelea kutembea. Mimi nilibaki pale na kapu kichwani. Tangu darajani! Mimi mbele naona aibu kumwambia ashike, yeye nyuma anaona aibu kuniambia anaanguka, na kati yetu kapu la ndizi. Adabu ilibaki kidogo ituzikishe mtu, ndugu zangu, na tungemzika kwa adabu vilevile.

Mwezi wangu nimeurudia wote kiwanjani kwa Singano, tangu mwanzo, peke yangu kwenye siti. Sasa napakia watu, na yeyote anayepanda, awe mkwe, awe mchungaji, awe nani, namwambia hivi nikiwa namtazama usoni: nishike, na ukiona unateleza, nipigie kelele mpaka mlima wote usikie.