Bastola Chini ya Kitenge

Immaculata hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo nje kidogo ya Magamba, na kazi hiyo huifanya akiwa na mjukuu mgongoni. Bintiye Lidia anauza samaki Karema, kamwachia mtoto, Jeannine, ambaye hata miaka miwili hajatimiza na hataki kubebwa na mtu mwingine. Wanunuzi wanaume humcheka. Waache wacheke; wachimbaji humpelekea mzigo yeye kwanza, kwa sababu mizani yake haina ujanja.

Tangu Zablon auawe, kicheko kimepungua. Zablon alikuwa mnunuzi mwenzao, akavamiwa njiani akirudi mjini, na bastola yake kiunoni. Ndipo Immaculata akaomba leseni ya silaha. Ilichelewa, maana kila aliyemhoji alitaka kwanza kusikia habari za Burundi, nchi ambayo mama huyu hajawahi kuikanyaga. Kazaliwa hapa hapa nchini, Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na uraia anao.

Leseni ilipotoka akaenda kwa Malale, muuza silaha wa Mpanda mjini. Malale akaweka bastola mbili mezani. Kampuni moja, jina moja, risasi za aina moja. Ya zamani ni nzito na ina kidude cha usalama ubavuni: usipokishusha kwa kidole gumba, triga haivutiki. Toleo jipya ni jepesi, linabeba risasi nyingi zaidi, na kidude hicho halina.

"Mama, chukua mpya," Malale alisema. "Hii unachomoa, unafyatua, basi. Marehemu Zablon alikuwa na ya zamani. Alikutwa kaishika mkononi, hicho kidude hajakishusha."

Immaculata alimpenda Zablon kama mdogo wake, na hofu ya kufa kama yeye ndiyo iliyomleta dukani. Akaishika ile mpya. Ilimkaa mkononi vizuri mno.

"Utaivalia mkanda na ala yake?"

"Nivae mkanda juu ya kitenge, baba? Si nitakuwa nimewatangazia! Naichomeka hapa hapa tumboni."

Malale akahakikisha haina risasi, akampa ajaribu. Immaculata akaichomeka kwenye mkunjo wa kitenge alichovaa. Jeannine, aliyekuwa akicheza sakafuni, akaanza kulia, na bibi akafanya anachofanya kila siku: akainama mpaka mgongo ukalala, akampandisha mtoto juu yake huku akimbembeleza kwa Kirundi, "Hora, hora," akamfunika kwa kitenge cha pili, akavuta ncha mbili mbele na kukaza fundo kwa nguvu.

Tumboni pakalia: ka!

Malale alizunguka meza, akamwomba asijitikise. Pindo la kitenge lilikuwa limeingia kwenye triga na kuivuta. Akafuata kwa macho upande mdomo wa bastola ulikoelekea. Ulikuwa umelala kuelekea nyonga, na hapo hapo kwenye nyonga ulitokeza unyayo wa Jeannine, ukichezacheza.

Immaculata akakaa kitini, akaushika ule unyayo, akalia bila kujificha. Malale akaichomoa bastola, akairudisha mezani.

Baadaye wakaijaribu ya zamani, nayo ikiwa tupu. Akainama, akambeba mtoto, akakaza fundo mara kadhaa. Kimya.

"Mama, mwache mtoto nyumbani," Malale alisema.

"Nimwachie nani?"

"Basi tafuta kazi nyingine."

"Nyie mna maneno mepesi. Atakula nini?"

Malale alikuna kichwa. "Haya. Lakini nakwambia ukweli, wakikuvamia, hii itakuchelewesha. Utakufa umeishika, kama Zablon."

"Najua," Immaculata alisema, akamrekebisha mtoto mgongoni. "Ila hapo nitakuwa nimeuawa na wao; mtoto sitakuwa nimemuua mimi. Nifungie hiyo ya zamani."