Hodi Kwenye Bawa

Usinitazame hivyo. Sikulewa, sikuota, wala jua halikunipanda kichwani. Haya yalinikuta mwenyewe huko Kilifi, miaka ya themanini, saa saba ya mchana, wakati ambao wazee wetu walitukataza kutembea kwenye viwanja vitupu. Sisi tuliosoma tulikuwa tukiwacheka.

Nilikuwa rubani wa kuajiriwa Malindi, nikirusha watalii. Nikataka ndege yangu mwenyewe, na mimi nikishataka kitu sishikiki. Tajiri mmoja wa Kilifi alikuwa akiuza yake ndogo, ya viti vinne. Rangi mpya inang'aa, injini inanguruma vizuri, daftari la matengenezo limejaa saini. Nikamwahidi mama, nyumbani Muyeye, kwamba Jumamosi yeye ndiye abiria wangu wa kwanza. Akanunua na leso mpya.

Siku ya kukabidhiana nilifika uwanjani kabla ya tajiri. Chini ya bawa la kushoto nikamkuta mzee aliyevaa ovaroli ya buluu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Wewe umewahi kumwona mzee wa pwani akaiacha shikamoo ipite bila marahaba? Alikuwa akiligonga bawa kwa kidole kilichokunjwa, na kila akigonga anasema hodi. Bati likilia vizuri, anasogea. Karibu na mwili wa ndege akagonga mara tatu, na bati likatoa sauti butu, kama kugonga mkate uliolowa.

"Hodi tatu, na mwenye nyumba haitiki," akaniambia. "Mstaarabu hurudi kwao."

Nikamjibu kwa ujuaji kwamba hii ni alumini, haishiki kutu. Akanitazama kwa huruma.

"Mimi ni Kombo. Saini ya mwisho kwenye daftari si yangu."

Nikainama kulitoa daftari mkobani. Kuinuka, hapana mtu. Uwanja ule ni tambarare, niamini, hata kuku hana pa kujificha, na mchangani palikuwa na nyayo zangu tu. Nikalifungua daftari. Saini ya mwisho ilikuwa na jina la Fundi Kombo, ya mwezi uliopita.

Tajiri alipofika nikataka tulifungue bawa. Akasema rangi itaharibika, akasema kuna mnunuzi mwingine anasubiri Mombasa. Nikamwambia sitoki hapa mpaka lifunguliwe, nikatoa bisibisi yangu. Tulipolibandua lile bati, ukamwagika unga mweupe kama wa muhogo. Boriti ya ndani, ile inayolibeba bawa, ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, inabanduka matabaka kama chapati. Nikamuuliza Fundi Kombo yuko wapi. Akaketi palepale mchangani, akasema Kombo alifariki miaka mitatu nyuma.

Mama alikasirika, kisha akasubiri mwaka mzima. Ndege nyingine nilipoipata niliigonga nusu siku, bati kwa bati, huku marubani wenzangu wakinicheka. Hata leo wananicheka, na hata leo nagonga. Siku ya safari nikaligonga tena bawa la kushoto, mama amesimama kando na leso yake.

"Hodi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," ikaitika sauti ya mzee kutoka chini ya bawa.

Mama akaniuliza naamkiana na nani. Nikamfunga mkanda, tukaruka.

Basi wewe unayetafuta ndege ya mtumba, rangi isikuhadae, na saini isikutoshe. Gonga kila bati. Usipoitikiwa, rudi kwenu ukiwa hai.