Kikombe cha Mwende

Juzi, kwenye duka la maji karibu na Soko la Kenyatta, muuzaji kijana aliuzuia mkono wangu nilipofungua bomba la tangi moja. "Hiyo imechujwa tu, mathe, bado iko na vidudu. Ya kunywa iko kwa tangi ingine."

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Stovu yetu ilizimika, ikaacha harufu ya mafuta ya taa chumbani. Mama, aliyekuwa ameshachuja maji kwa kitambaa cheupe lakini hajayachemsha, alienda kununua mafuta. Mdogo wangu Mwende alilia kwa kiu. Maji yaling'aa hadi chini ya sufuria, nami nilidhani kuchemsha ni kuyapasha moto tu. Nikampa kikombe kizima.

Siku tatu za kuhara zilimmaliza.

Niliamini hakuna aliyejua. Lakini Mama, aliporudi na mafuta, alikikuta kikombe kando ya sufuria baridi, akakiosha polepole, wala hakuniuliza kamwe.