Kaseti ya Bure

Uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi ulitukuta Ngara tukiwa na wakimbizi wengi kuliko wenyeji. Redio ya taifa kwetu ilikuwa ikikoroma tu, na magazeti yalifika habari zikiwa zimeshachacha, kwa hiyo vyama vilitafuta njia nyingine za kutufikia. Chama kimoja kilikuja na kaseti. Vijana wake walizigawa bure kwa kila mwenye redio, pamoja na betri mpya, na mume wangu si mtu wa kukataa betri.

Ndani hamkuwa na hotuba. Walikuwa wajanja: walijaza nyimbo za Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, zenye ngoma tamu, ili hata bibi asiyejua Kiswahili apate ujumbe. Walichosahau, au hawakujali, ni kwamba Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa damu. Anayejua kimoja hahitaji mkalimani wa kingine.

Nilikuwa na rafiki, mama wa Kirundi kutoka kambi ya Lukole. Alianza kuja kama kibarua wa kupalilia migomba. Baadaye tukawa tunalima na kucheka pamoja, na kitinda mimba wangu alizaliwa mikononi mwake. Aliniita dada kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa yangu, wala hakuna aliyepotea.

Alasiri moja tulikuwa uani tukichambua maharage, majirani wamejaa kusikiliza kaseti. Ukaingia wimbo mpya: wakimbizi wamemaliza kuni, wamemaliza ndizi, tupeni kura tuwaswage kama ng'ombe warudi kwao. Watu wakaangua kicheko.

"Zima hiyo," nilimwambia mume wangu.

"Ni siasa tu, mama watoto."

Rafiki yangu hakuinua uso. "Shemeji," akamwuliza taratibu, "huyu anayeimba anakaa hapa kijijini?"

"Aa, wa mjini huyo! Kalipwa tu."

Akaitikia kwa kichwa, akamaliza ungo wake, akaaga. Kesho yake hakuja, wala wiki ile yote.

Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa. Kuni zilikwisha kweli, nami nilizifuata mbali kama wenzangu, hilo silikatai. Lakini yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, mgeni wangu, akaimbiwa maneno yale nyumbani kwangu.

Nikabeba kikapu cha ndizi, mtoto mgongoni, nikamfuata Lukole. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi njia nzima. Nilimkuta mbele ya kibanda chake cha turubai akikoka moto. Nikamsalimu kwa Kihangaza, nikamwita mdogo wangu.

Alisimama wima, akajifuta mikono, akanijibu kwa Kiswahili, kile walichojifunza kambini kwa kuongea na askari na wagawa chakula.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"