Kilio cha Kapya

Moyo ulipomwangusha Kapya, fundi baiskeli wa mtaa uitwao Kenya, mjini Lubumbashi, daktari alimwamuru atembee kila siku. Yeye akaganda kitandani kwa woga. Basi mtani wake Chileshe akawa anakuja kila asubuhi, anatandika mkeka uani na kumlilia kama maiti, maana mtani ana ruhusa: "Yo! Kapya wetu, alikuwa mubaya ata muzima!"

Kapya akamfukuza kwa fimbo hadi mlangoni. Kesho yake hadi bombani. Wiki ya sita wakapita kizuizi cha askari, chini ya bendera mpya ya Katanga iliyojitenga na Kongo, askari hoi kwa kicheko. Hapo Chileshe akaishiwa pumzi. Kapya akampita, akawahi nyumbani kwa Chileshe, akamwita mkewe: "Mama Claudine, tandika mukeka! Bwana yako alikufa na mbio!"