Picha ya Ubongo Ukutani kwa Mama

Mashine iliyopiga picha ubongo wangu ilikuwa na kelele za mtu anayegonga bati kwa hasira. Iligonga, ikanyamaza, ikaunguruma, kisha ikagonga tena kwa mpigo mwingine, na mimi nimelazwa ndani ya bomba lake jeupe, kichwa kimebanwa kwa mito midogo, nimeambiwa nisijitikise. Nilikuwa na miaka tisa. Kila aliyenifahamu alikuwa na hakika kwamba sitaweza. Mimi ndiye niliyekaa darasani kama nimekalia siafu, niliyesahau begi la shule kwenye basi kila wiki, niliyejibu swali kabla halijaisha kuulizwa na kuinuka mezani kabla sijameza. Basi nililala humo kama gogo. Zile kelele zilinitosha. Kwa mara ya kwanza nilikutana na kitu chenye fujo kuliko mimi. Aliyeshindwa ni kaka yangu Daudi, miaka kumi na mitatu, mtoto wa mfano, ambaye walilazimika kumrudisha ndani mara mbili kwa sababu alikuwa akitingisha miguu. Habari hiyo hakuna aliyeitangaza kanisani.

Tulikuwa tukiishi ughaibuni, Peckham, ghorofa ya kwanza, juu tu ya saluni ya kusuka, kwa hiyo nyumba yetu ilinuka mafuta ya nywele na ncha za rasta zilizochomwa, kiangazi na baridi. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mama alikuwa akilea wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, na akirudi alitulea sisi. Majira hayo ya baridi daktari wa watoto alikuwa amemwambia kwamba nina ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, kisha akamuuliza kama angekubali tuingie kwenye utafiti: walikuwa wakipiga picha ubongo wa watoto kama mimi na wa ndugu zao wasio na hali hiyo, ili walinganishe. Mama alikubali. Mtafiti mwenyewe, dada mmoja mpole mwenye viatu vya raba, alimweleza taratibu, tena mara mbili, nami nilisikia kwa masikio yangu. Alisema wakikusanya picha za watoto wengi sana, ndipo wanaona kwamba baadhi ya sehemu, kwa wastani, ni ndogo kidogo au zinachelewa kidogo kukomaa. Kidogo, alirudia, akibana vidole viwili mpaka vikakaribia kugusana. Lakini hakuna mtu duniani anayeweza kutazama picha moja akasema mtoto huyu anayo au hana. Kisha akatupa kila mmoja picha yake ya zawadi, jina limeandikwa nyuma kwa penseli.

Jumamosi iliyofuata Mama alinunua fremu moja, akaning'iniza picha ukutani juu ya sofa, mahali palipokuwa na kalenda. Akasema tu kwamba wageni wangependa kuona. Wageni walipenda mno. Wa kwanza alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, aliyekuja kila Jumapili kutoka Woolwich kutuangalia, kwa maana ya kunywa chai na kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, kazi ya heshima na ya kuvunja mgongo, ambayo sina neno nayo. Neno langu ni kwamba alirudi nyumbani na udaktari aliouokota koridoni, na watu wazima wenye akili zao walimpelekea vipimo vyao vya sukari avisome. Siku hiyo alisimama mbele ya picha, akavaa miwani, akavua, akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Kisha akaguna kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Mnaona hapa mbele?" alisema. "Pamesinyaa. Na hapa katikati pana giza. Ndiyo maana Neema hatulii."

Baada ya hapo ilikuwa kazi kweli kweli. Kila Jumapili alikuja na watu wawili wa kanisani, wanaume wazito ambao mchango wao ulikuwa kutikisa vichwa, na kila Jumapili kidole chake kilipata kasoro mpya. Mara upande wa kushoto ulikuwa mwembamba. Mara mikunjo ilikuwa michache. Aliyasema hayo mdomo umejaa sambusa za Mama, kwa sauti ya mtu anayesoma habari redioni, nami nimesimama hapo hapo nimeshika sinia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naonaje. Leo nikiwakumbuka nashangaa jinsi ujinga unavyoweza kuvaa koti na tai, ukakunja nne, ukaomba sukari zaidi.

Kwa Daudi walikuwa na maneno mengine. Huyu, walisema, kichwa cha marehemu baba yake kabisa. Daudi alikaa pembeni na kitabu, akitabasamu kwa adabu, na sikuwahi kumsikia akifungua mdomo kunitetea. Nilimdharau kwa hilo, ingawa alikuwa mtoto tu kama mimi. Lakini dharau kubwa zaidi naiweka kwangu mwenyewe. Asubuhi, Mama akiwa bafuni, nilikuwa napanda juu ya sofa na soksi zangu za shule, nakitazama kile kipande cha giza katikati. Nilikiona. Naapa nilikiona. Yule dada wa viatu vya raba alikuwa ameeleza vizuri, nami nilikuwa nimesikia, na bado nilimwamini mtu wa Woolwich.

Mnajua Baba Mkubwa alikuwa anaelekea wapi. Kwetu sisi wa huku, mtoto akiwashinda wazazi, anarudishwa nyumbani akanyooshwe. Anaambiwa anakwenda likizo kumsalimia bibi, pasipoti inafichwa, na Septemba anajikuta kwenye foleni ya uji katika shule ya bweni ambako hajui hata kumwomba mwalimu ruhusa. Nilikuwa nimeshaona wawili wa darasa letu la Jumapili wakiondoka hivyo. Nilikizungumza Kiswahili kwa kubahatisha, na usiku nilikuwa bado nashika sikio la Mama ndipo nipate usingizi. Kutenganishwa naye ndicho kitu pekee nilichokiogopa duniani. Nilipojaribu kutulia ili nisipelekwe, nilimwaga chai mara mbili.

Jumapili moja ya mwezi wa nne kikao kikakaa. Baba Mkubwa alichukua kiti cha marehemu baba bila kukaribishwa, wale wawili wakajaa kwenye sofa, Mama akabaki amesimama. Mimi na Daudi tulikuwa mlangoni mwa jikoni.

"Mama Daudi, mimi siongei kwa hisia," Baba Mkubwa alianza. "Naongea kwa ushahidi, na ushahidi uko ukutani. Mtoto wa marehemu mdogo wangu anaharibika. Kesho social, wale wa ustawi wa watoto, watakuja kumchukua, tutasema nini? Nimeshaongea na boarding ya Morogoro. Mwaka mmoja tu, atanyooka."

"Una uhakika na hiyo picha, shemeji?" Mama aliuliza.

"Mimi nipo hospitali kila siku."

"Kwa hiyo mtoto mwenye ubongo huu ni lazima aende?"

"Lazima. Ingekuwa amri yangu, angeondoka kesho." Wale wawili wakatikisa vichwa.

Mama aliishusha fremu, akafuta kioo kwa upindo wa kanga yake, akafungua vibanio vya nyuma kimoja kimoja, akatoa picha na kumkabidhi ikiwa imegeuzwa. "Nisomee hapo nyuma, shemeji. Miwani yangu iko chumbani."

Baba Mkubwa alisoma kwa midomo tu. Kisha midomo yake ikasogea tena, kana kwamba mara ya pili jina lingebadilika.

"Daudi," alisema hatimaye.

"Basi," alisema Mama, "mkatieni Daudi tiketi."

Daudi alijishika kichwa kwa mikono miwili. Nilifurahi, sitasema uongo. Baba Mkubwa hakuona haya hata chembe. Alisema wazungu wamechanganya mafaili, kisha akauliza kama chai imeisha. Suala la Morogoro halikurudi tena nyumbani kwetu.

Miaka mingi baadaye, tukiwa ndani ya basi, nilimuuliza Mama kama alikosea picha. Alinitazama kama niliyemtukana. "Nilijua wataitia mikono," alisema. "Kichwa cha Daudi kilikuwa kimeshasifiwa kikashiba. Chako sikutaka wakiguse." Nililia hapo hapo mbele ya abiria. Sikumwambia kwamba mimi pia nilikuwa nimeitia mikono, asubuhi zile juu ya sofa.

Sasa mimi ni fundi wa lifti, kazi isiyonidai nikae mahali pamoja, na nina raha nayo. Watu wa kanisani wamejifunza neno ADHD na wanalitamka kwa madaha. Mjukuu wa Baba Mkubwa, Eliya, ana miaka minane na ameambiwa anayo, na mzee anatuma sauti kwenye grupu la familia akisema ubongo wa kijana wake ni wa kipekee, sayansi imethibitisha. Uhakika ni ule ule. Umebadilisha shati tu. Pasaka iliyopita alikuja naye, akamwomba Mama aitoe picha yangu ya kweli, atuonyeshe upekee wenyewe ulipo. Mama aliitoa kwenye sanduku la pasipoti na cheti cha kifo cha baba. Sikuwa nimeiona tangu siku niliyopewa. Aliiweka mezani kando ya ile ya Daudi, majina yamelala chini, akasema, "Haya shemeji, chagua."

Mzee aliinama. Kidole chake kikaelea juu ya moja, kikahamia ya pili, kikarudi. Nami nilitafuta lile giza langu, nikalikuta kwenye picha zote mbili. Eliya alishuka kutoka mgongo wa sofa na chapati mkononi, akajipenyeza chini ya kwapa la babu yake, akatazama mara moja tu.

"Babu, they're the same," alisema, yaani zinafanana.

Babu yake akamwambia akakae kitako, watu wazima wanaongea.